Bibi Sikudhani na Kunde Zilizozama

Paukwa!

— Pakawa!

Ala! Hiyo ni pakawa ya watu wazima au ya vifaranga walionyeshewa? Paukwa!

— Pakawaaa!

Hapo sawa. Endeleeni kupukuchua kunde zenu, mikono ifanye kazi yake na masikio yafanye kazi yake. Nikiimba mvua, mniitikie.

Hapo kale, kale ile ambayo watu walikula kunde asubuhi, choroko jioni, na siku ya harusi wakala zote mbili, palikuwa na kijiji bondeni. Udongo wake ulikuwa mweusi, mzito, wa kunata. Kiangazi unapasuka nyufa za kupitisha mkono. Mvua ikinyesha, ukiukanyaga, bwata! mguu umeingia. Ukiuvuta, chwapu! mguu umetoka, na ukiwa na bahati umetoka na vidole vyote.

Kijiji kile kilikuwa na jumbe, jina lake Mwinyimvua. Alipewa jina hilo kwa sababu alizaliwa siku ya mvua, kama walivyozaliwa watu wengi tu, lakini yeye alilichukua kama cheo. Likipita wingu, hata dogo, Jumbe anatoka nje, anakohoa, anasimama wima kama mtu anayepokea salamu.

Basi ukaja ukame. Mwaka wa kwanza, mvua hakuna. Mwaka wa pili, hakuna. Jumbe alitoka nje akakohoa mpaka kifua kikamuuma, na mawingu yakapita zao kama hayamjui. Watu wakala mizizi. Wakala majani. Wakaanza kumtazama mbuzi wa jirani kwa jicho la mahaba. Kitu kimoja tu hawakukigusa, nacho ni mbegu.

Mbegu ya kunde ya kijiji kizima ilikuwa ndani ya vilindo vitatu, vile vya gome la mti vyenye mifuniko, na vilindo vilikaa jikoni kwa Jumbe, juu ya uchaga, penye moshi, ili wadudu wasiviguse. Vilindo vitatu, hakuna cha nne. Kikiisha cha tatu bila mavuno, watu watakunja mikeka yao na kila mmoja ataenda kuomba hifadhi kwa wajomba zake. Hapo Jumbe atabaki kuwa jumbe wa nani? Wa vyura. Jumbe alilijua hilo, na lilimnyima raha hata ya kula majani.

Mwaka wa tatu, mawingu yalipoanza kujikusanya, aliwaita watu barazani.

"Ndugu zangu," akasema, "mvua ni mgeni. Miaka miwili hakuja kwetu. Kwa nini? Kwa sababu akija tunamwachia milango wazi. Anaingia huku, anatokea kule, huyo mtoni, amekwenda. Mgeni gani atarudi kwenye nyumba ya namna hiyo?"

"Kweli, Jumbe!"

"Safari hii tunamzuia. Kila shamba lizungushiwe ukingo wa udongo, kimo cha goti. Mifereji yote izibwe. Hata tone lisitoke! Na tena," akainua kidole, "marufuku mtu kusema maji yamezidi. Atakayesema hivyo anamfukuza mgeni wetu. Tutamvisha ukambaa, kamba ya kusuka, mkononi, na atanyamaza mpaka mavuno. Hasemi, na hasemeshwi."

Watu wakapiga makofi. Aliyelala na njaa miaka miwili hupiga makofi upesi. Mtu mmoja tu hakupiga, kwa sababu mikono yake ilikuwa imejaa udongo.

Huyo alikuwa Bibi Sikudhani, mfinyanzi. Aliishi pembeni mwa bonde, na udongo ule mweusi alikuwa ameufinyanga tangu hajaota meno mpaka akawa hana meno tena. Vyungu vyote vya kijiji vilitoka mikononi mwake. Hata maji aliyoogeshwa Jumbe siku aliyozaliwa yalichemshiwa ndani ya chungu cha Bibi Sikudhani.

"Jumbe, mjukuu wangu," akasema, "udongo huu naujua. Ndio ninaofinyangia mitungi. Ukiyatia maji ndani yake, hayatoki."

"Vizuri sana, Bibi. Ndicho tunachokitaka."

"Mtungi ni wa maji, mjukuu wangu. Umepata kuona mtu anapanda kunde ndani ya mtungi?"

Watu wakacheka. Jumbe naye akacheka, kidogo, kwa heshima ya umri. Kisha wakaenda kujenga kingo.

Mvua ikaja. Lo, ilikuja kweli! Niitikieni:

Mvua karibu! — Kaa!
Mvua keti! — Kaa!
Mvua lala! — Kaa!
Hutoki kwetu! — Mpaka tushibe!

Ikaketi. Ikalala. Cha-cha-cha-cha, mchana kutwa. Jumbe akakiteremsha kilindo cha kwanza, akawagawia watu, wakapanda ndani ya kingo zao huku wakiimba.

Kunde huota siku ya nne, na zikichelewa sana ni siku ya sita. Siku ya nne watu wakaenda kuchungulia. Hakuna. Siku ya sita, hakuna. Siku ya kumi palikuwa na vyura. Walikuwa wanono, wametulia, wanaimba kroo! kroo! kama waalikwa.

Bibi Sikudhani akaja shambani kwa Jumbe, bwata, chwapu, bwata, chwapu. Akaingiza mkono kwenye tope, akapapasa, akaitoa mbegu moja. Ilikuwa imevimba, imepasuka, na ndani yake ni ute mtupu. Akamsogezea Jumbe puani. Jumbe akageuza uso, maana ilinuka vibaya.

"Mjukuu wangu," akasema Bibi, "mbegu nayo inavuta pumzi. Ni pumzi ndogo, lakini inavuta. Hii haikufa kwa kiu. Imekosa pumzi. Maji yamezidi."

Hata vyura walinyamaza. Shaweji, mpiga baragumu wa kijiji, alikuwa amesimama palepale, na alikuwa amelisikia neno. Akamtazama Jumbe. Watu wote wakamtazama Jumbe.

Jumbe roho ilimuuma. Alitamani kusema hakusikia vizuri. Lakini marufuku ile aliitunga mwenyewe, na alikuwa akiipenda kama mtoto wa kwanza. Akatikisa kichwa kukubali. Pu-uuu! likalia baragumu, na Bibi Sikudhani akavishwa ukambaa mkononi. Hasemi, na hasemeshwi. Bibi akaugeuzageuza ukambaa, akautazama ulivyosukwa, akaonekana hakuusifu. Kisha akaenda zake kwenye vyungu.

Sasa, Jumbe alikuwa na kazi moja asiyomwachia mtu. Kila alfajiri alizunguka ukingo wa shamba lake. Na kila alfajiri, pembe ya chini kabisa, alikuta tundu. Maji yanatoka, chururu, chururu, chururu. Jumbe anachota tope, anasindika, anakanyaga, anaziba. Kesho yake anakuta limefumuka tena. Anaziba tena. Nyumbani anajisifu, "Bila mimi, mgeni angekwisha kutoroka zamani!"

Mvua ikapumzika siku nne. Uso wa udongo ukakauka kidogo, na Jumbe akateremsha kilindo cha pili. Wakapanda. Safari hii zikaota! Vichwa vikainama, vikanyanyuka, majani mawili, majani mawili, shamba zima. Ngoma zikapigwa. Jumbe akatembea kijijini polepole, ili watu wapate muda wa kumtazama.

Kisha mgeni akarudi na mizigo yake yote. Cha-cha-cha-cha. Kingo zikajaa. Kunde zilikuwa na kimo cha kidole, na hapo zikagoma. Hazikwenda juu wala chini. Yakaanza majani ya chini kugeuka manjano, kisha ya juu.

Mkewe Jumbe, Mashavu, alikuwa mwanamke asiyeumauma maneno. "Baba Zaituni," akasema, "kunde zina manjano."

"Ni manjano ya shibe, mke wangu."

"Tangu lini shibe ikalaza mtu chali?"

Maana zilikuwa zimeanza kulala. Mashavu akaung'oa mche mmoja. Haukung'ang'ania hata kidogo. Mzizi wake ulikuwa kijiti kifupi cha hudhurungi, laini, kinachomenyeka ukikigusa. Vile vinundu vidogo ambavyo kunde nzuri huvivaa mizizini kama shanga, hakuna hata kimoja.

Mashavu akarudi jikoni, akapanda uchagani, akakitikisa kilindo cha tatu. Chaka, chaka. Akashuka.

"Kimebaki hiki. Jirani zetu wa kulia wamekwisha kunja mikeka. Nenda kwa Bibi Sikudhani."

"Hasemeshwi yule."

"Basi nenda ukanyamaze naye."

Jumbe akaenda, mchana, akipita nyuma ya nyumba ili asionekane. Bwata, chwapu, bwata, chwapu. Alipofika akasimama, na macho yakamtoka. Bibi alikuwa na kiunga kidogo, kama ukubwa wa mikeka minne, alichopanda gao moja, ujazo wa kiganja, la kunde za mgawo wake. Udongo ameukusanya ukawa matuta ya kimo cha goti, katikati ya matuta vijia vya maji, na upande wa chini hakuna ukingo wowote. Maji yalikuwa yakipita mle vijiani bila kusimama. Na juu ya matuta, kunde, za kijani, zimeshiba kwelikweli.

Jumbe alitaka kuuliza. Kinywa kikafunguka, akaikumbuka marufuku yake. Akakohoa. Bibi naye akakohoa. Wakakaa.

Hapo akapita kuku. Jumbe akamgeukia kuku.

"Kuku," akasema kwa upole, "hebu niambie, kwa nini kunde zangu zinakufa?"

Kuku akamtazama kwa jicho moja, kisha kwa lile la pili, akaenda zake. Bibi Sikudhani akacheka bila sauti mpaka mabega yakatikisika. Halafu akainuka. Akaleta vyungu viwili. Kimoja kizima. Cha pili kilitoboka kitakoni wakati wa kuchomwa. Akavijaza udongo uleule mweusi. Akapanda kunde tano huku, kunde tano huku. Akamwagia vyote viwili kata tatu za maji. Kisha akamwonyesha Jumbe vidole sita na kumpungia mkono wa kwaheri.

Siku ya sita Jumbe akarudi. Kwenye chungu kizima maji yamesimama juu ya udongo, na harufu ni ileile ya siku ile. Kwenye chungu kilichotoboka, kunde tano zimesimama. Jumbe akakinyanyua, akaliona tundu, akalitazama. Uso wake ukang'aa.

"Nimeelewa!" akapiga kelele, akatimua mbio.

Bibi alinyanyua mkono kumzuia. Alifungua kinywa. Akautazama ukambaa, akakifunga.

Pu-uuu! Pu-uuu! likalia baragumu. Watu wakakusanyika, na Jumbe akatangaza, "Nimeipata siri! Baraka iko kwenye chungu kilichotoboka! Kila nyumba itoboe vyungu vyake!"

Msicheke. Wale walikuwa watu wenye njaa. Wakaingia majumbani, ko! ko! ko! wakatoboa vyungu vya mboga, vyungu vya uji, mitungi ya maji. Jioni ile Mashavu aliinjika chungu, akatia maji, chuuu! moto ukazimika. Nyumba ya pili, chuuu! Nyumba ya tatu, chuuu! Kijiji kizima kikala unga mkavu, wale waliokuwa nao. Na kule mashambani kingo zote zimesimama imara, zimejaa maji pomoni, hazina hata tundu la kupitisha sisimizi.

"Hiyo ndiyo elimu uliyopewa?" akauliza Mashavu, majivu yamemjaa usoni.

Kesho yake kulikuwa na foleni mlangoni kwa Bibi Sikudhani. Hajapata kuagizwa vyungu vingi namna ile tangu azaliwe. Alifinyanga kimya. Kila aliyefika alinyoosha kidole kuonyesha ukubwa anaoutaka, naye akaitikia kwa kichwa.

Ikafika siku ya kilindo cha tatu. Watu walikuja shambani kwa Jumbe wakiwa na mikeka yao kichwani, imefungwa kabisa. Walikubaliana hivi: hizi nazo zikioza, wasirudi hata majumbani. Hakuna aliyeimba. Jumbe alikishika kilindo kwa mikono miwili. Alikuwa anaogopa, na hakuwa na mtu wa kumwambia.

Bwata, chwapu. Bwata, chwapu. Bibi Sikudhani huyo, chungu huku, chungu huku, vilevile viwili. Akavipanga juu ya ukingo, mbele ya macho ya Jumbe. Kisha akamshika mkono, kama unavyomshika mtoto anayekwenda kuoshwa, akamwongoza mpaka pembe ya chini ya shamba.

Pale palikuwa na lile tundu, limekwisha fumuka tena tangu alfajiri. Chururu, chururu, chururu. Jumbe, kwa mazoea, akainama achote tope alizibe. Na alipoinama ndipo alipoziona.

Kunde tatu. Zilikuwa za kilindo cha pili, zimesimama kando ya tundu, za kijani, zina majani sita sita. Shamba zima limelala manjano, na hizi tatu zimesimama pale ambapo maji yalipata njia ya kutoka kila usiku kabla yeye hajaamka kuyazuia.

Jumbe akachuchumaa. Akang'oa moja. Ikang'ang'ania, akavuta, ikatoka na mzizi mrefu mweupe, umejaa vinundu kama shanga. Akautazama mzizi. Akakitazama chungu kizima kule juu ya ukingo, maji yamesimama ndani. Akalitazama shamba lake, ukingo pande nne, maji yamesimama ndani. Akaitazama mikono yake, na tope la asubuhi ile lilikuwa bado liko kwenye kucha.

Watu wakadhani anaumwa.

Kisha Mwinyimvua akasimama. Akasema, kwa sauti ambayo hata waliokuwa nyuma waliisikia:

"Maji yamezidi."

Akapiga magoti, akaanza kuuvunja ukingo kwa mikono. Akachimbua, akachimbua, na ghafla, shwaaaaa! Maji yakatoka kama watu waliokuwa wamesubiri kufunguliwa mlango. Vyura wakaenda nayo. Watu wakatupa mikeka, kila mmoja mbio shambani kwake, na bonde zima likalia shwaaa, shwaaa, mpaka mtoni.

Shaweji tu ndiye aliyebaki amesimama, baragumu mkononi, hajui la kufanya, maana neno lilikuwa limesemwa na yeye alikuwa amelisikia. Jumbe akamwona. Akanyoosha mkono mwenyewe. Bibi Sikudhani akauvua ukambaa wa akiba kiunoni kwa Shaweji, akamfunga Jumbe taratibu, akakaza fundo, akalipapasa kuhakikisha halimbani.

Sasa walikuwa wawili wasiosema. Wakashika majembe. Bibi akakusanya udongo kuwa tuta, Jumbe akakusanya. Watu wakatazama, wakafanya hivyohivyo. Hawakupanda siku ile. Bibi alikuwa anachukua donge la udongo kila asubuhi, analifinya. Likinata, anatikisa kichwa. Siku ya tano likamomonyoka mkononi. Akaitikia kwa kichwa. Kilindo cha tatu kikafunguliwa, mbegu zikaingia juu ya matuta, na siku ya nne, shamba zima, vichwa vikainama, vikanyanyuka, majani mawili, majani mawili.

Na wazee wanasema, mimi sikuwepo, lakini wanasema, hakujapata kuwa na msimu uliotawaliwa vizuri kama ule. Jumbe hakutangaza kitu. Hakupiga marufuku kitu. Mtu akiwa na shida alikwenda kwake, Jumbe akasikiliza mpaka mwisho, kwa kuwa hakuwa na la kufanya jingine, na wengi walirudi nyumbani shida imekwisha.

Siku ya mavuno wakapikia chungu kimoja kikubwa, kipya, kizima kitakoni. Jumbe mwenyewe alisimamia mapishi. Kambaa zikakatwa. Watu wote wakakaa. Ilijulikana kwamba Jumbe ameandaa hotuba miezi mitatu, na ilijulikana kwamba Bibi Sikudhani ana neno la tangu siku ile. Mkubwa huanza. Wakampa Bibi upawa.

Bibi akachota. Akapuliza. Akaonja, akayazungusha mdomoni, akameza. Akamtazama Jumbe.

"Mjukuu wangu," akasema, "maji yamezidi."

Jumbe akafungua kinywa, hotuba yote iko pale mlangoni. Akakifunga. Akauchukua upawa, akachota maji ya kunde, akayamwaga nje. Akachota tena, akamwaga. Akaonja. Akampa Bibi aonje.

"Hapo sawa," akasema Bibi, na watu wakala.

Bibi Sikudhani amekwisha kufa, na huyo Jumbe naye, na waliowazika wote. Lakini kule bondeni, kila mwaka, kunde za kwanza zikiiva, kikongwe kuliko wote hupewa upawa, naye huonja na kusema, "Maji yamezidi," hata kama mchuzi umekauka na chungu kinaungua. Na jumbe, awe nani, huchota upawa mmoja na kumwaga bila kujibu.

Funzo lake ni hili, mlishike. Mbegu inataka maji, na inataka pumzi. Ukiipa kimoja ukainyima kingine, umeiua kwa mapenzi. Watu nao ni hivyohivyo. Na ukimziba mtu kinywa leo, usije ukamfuata kesho kumuuliza njia, utajikuta unaongea na kuku.

Hadithi yangu imefika ukingoni, na ukingo nimeuacha wazi. Haya, leteni hizo kunde nizione. Mbona nusu yake ni maganda?